Kabla ya Malaki 3:10 Kuna Malaki 3:5



Leo sina neno la kukufanya useme amina haraka. Ukifika katikati ukahisi nimekukanyaga, usikimbie. Mimi limenikanyaga kwanza.

Kila aliyeokoka kwa zaidi ya mwezi mmoja anaijua Malaki 3:10, ile ya zaka, ghala na madirisha ya mbinguni. Sisi wachungaji tunaijua hata taa zikizimika. Tunaisoma kabla kapu halijapita, tunaisoma kwenye harambee ya jengo, tunaisoma mgeni akija kuhubiri. Lakini nikuulize: ni lini umesikia Malaki 3:5 ikisomwa wakati wa sadaka?

Nabii ni yule yule. Sura ni ile ile. Ni mistari mitano tu juu yake. Hapo Mungu anasema anakuja kuhukumu, na kwamba Yeye mwenyewe atakuwa shahidi, tena shahidi asiyechelewa. Atashuhudia dhidi ya nani? Anawataja: wachawi, wazinzi, wanaoapa kwa uongo, na wanaomwonea mfanyakazi katika mshahara wake. Kisha anaongeza wanaomdhulumu mjane, yatima na mgeni.

Soma tena hiyo orodha polepole. Mchawi na mwajiri anayekula mshahara wa mtu wamepangwa mstari mmoja. Sisi tumemkemea mchawi kwa miaka, tumemfungia kesha, tumempigia kelele mpaka majirani wakalalamika. Huyu wa pili tumempa kiti cha mbele na kumfanya mwenyekiti wa kamati.

Nazungumza juu ya dada wa kazi. Yule aliyeamka saa kumi na moja asubuhi leo akapika uji, akavalisha watoto wako, akawapeleka kwenye gari la shule, ndipo wewe ukapata nafasi ya kusoma ujumbe huu. Nazungumza pia juu ya mama fua, mlinzi wa geti, na kijana anayekulimia shamba kule nyumbani. Nazungumza sasa kwa sababu Desemba imefika, na Desemba ndiyo tunayowaumizia sana.

Ngoja niungame kwanza.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mchungaji msaidizi katika mji mwingine. Jumapili moja familia ya washirika wetu ilileta shukrani kwa sababu ya gari jipya. Walipita mbele na bahasha ya shilingi elfu ishirini. Kanisa lilishangilia. Mimi ndiye nilishika kipaza sauti. Niliinua bahasha juu, nikatangaza kwamba Mungu ambaye ametoa gari atatoa na nyumba. Kule nyuma, karibu na mlango, kulikuwa na msichana amembeba mtoto wa familia hiyo. Naye alikuwa akipiga makofi.

Jumatano alikuja ofisini. Alisimama mlangoni, hakutaka kuketi. Alitaka nauli ya kwenda kwao kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa. Nikamuuliza, "Mshahara wako uko wapi?" Akasema hajalipwa miezi mitano. Walikuwa wamekubaliana shilingi elfu sita kwa mwezi. Piga hesabu mwenyewe: elfu thelathini. Halafu akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Pasta, Jumapili mama alipoleta ile pesa nilipiga makofi. Lakini nilikuwa nahesabu."

Unajua mimi mtumishi wa Mungu nilifanya nini? Nilimpa shilingi elfu moja na nikamwombea safari njema. Basi. Sikumpigia simu mwajiri wake. Sikurudisha bahasha. Yule ndugu alikuwa kwenye kamati ya ujenzi, na mabati yalikuwa hayajanunuliwa. Msichana alikwenda na hakurudi tena kanisani. Sijui alifika kwao akamkuta mama yake katika hali gani.

Mabati yale yaliezekwa. Mvua ikinyesha hayavuji. Lakini mimi nikipita mji ule na kuliona lile paa, najua baadhi ya mabati yale ni ya nani.

Kwa hiyo ninapoandika leo siandiki kama mtu aliyesimama mlimani. Naandika kama mtu aliyepokea sadaka yenye damu akaiita baraka.

Sasa tufungue Biblia, maana kuna mtu anasema moyoni, "Mchungaji ameingia siasa za vyama vya wafanyakazi." La. Nimeingia Kumbukumbu la Torati. Sura ya 24, mstari wa 14 na wa 15, Mungu anaagiza kibarua maskini alipwe siku ile ile, jua lisitue kabla hajapewa chake. Na sababu anaitoa: ni maskini, na moyo wake uko kwenye ule ujira. Asipolipwa atamlilia Bwana, nawe utahesabiwa dhambi. Mambo ya Walawi 19:13 inasema ujira wake usilale kwako hata asubuhi. Usiku mmoja tu, wapendwa! Sisi umelala miezi mitano na tunaamka tukinena kwa lugha.

Utasema hiyo ni Torati, sisi tuko chini ya neema. Haya, twende kwa Yakobo, ndugu ya Bwana. Yakobo 5:4 anawaambia matajiri kwamba ule mshahara waliouzuia unapiga kelele, na vilio vya waliovuna vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Ona hapo, kuna sauti mbili: mfanyakazi analia, na pesa yenyewe inapiga kelele. Unakuja mbele za Mungu kupaza sauti yako katika maombi, kumbe kuna noti ndani ya mfuko wako nazo zinapaza sauti. Unadhani Mungu atasikiliza ipi kwanza?

Januari itafika na tutaita tena siku ishirini na moja za kufunga na kuomba. Nakuomba kabla hujaacha chai, soma Isaya 58. Watu wa Mungu walikuwa wakilalamika kama tunavyolalamika sisi: mbona tumefunga nawe huoni? Jibu liko mstari wa 3. Siku ile ile ya kufunga kwenu mnajitafutia mambo yenu na kuwaonea wafanyakazi wenu wote. Ndipo mstari wa 6 Mungu akaeleza mfungo anaoutaka: kufungua vifungo vya uovu na kuvunja kila nira. Sisi tunaupenda mstari huo wa nira, tunauomba usiku kucha tukidhani nira ziko shingoni mwetu tu. Hatukuuliza kama kuna shingo ambayo sisi ndio tumeiwekea nira.

Mpendwa, umeombewa na manabii watatu juu ya mlango uliofungwa. Umeambiwa ni shangazi. Umeambiwa ni kaburi la babu. Mimi sikatai kwamba kuna vita vya kiroho. Mimi ni Mpentekoste kutoka unyayoni. Lakini nikuulize kitu ambacho hakuna nabii amekuuliza: dada wako wa kazi unamdai au anakudai?

Najua majibu yako. Nimeyasikia kwenye ushauri, na mengine nimeyatoa mimi mwenyewe.

"Mchungaji, anakula kwangu na analala kwangu." Labani pia alimlisha Yakobo na kumpa mahali pa kulala. Hata hivyo Mwanzo 31:7 Yakobo anasema baba mkwe wake alimdanganya na kubadilisha ujira wake mara kumi, na Mungu akaingilia kati kumtetea. Chakula ambacho amekipika yeye mwenyewe, akala wa mwisho jikoni, usikihesabu kuwa mshahara.

"Namwekea pesa zake, akipewa zote atazitumia vibaya." Nani alikufanya benki? Mwajiri wako akikuambia anakuwekea mshahara wako kwa sababu unapenda nguo, utamshukuru? Ni pesa zake. Akizituma kwao, akinunua simu, akisuka nywele, ni zake.

"Ni mtoto wa shangazi yangu, ni familia." Hapa ndipo pana dhambi nyingi. Ulikwenda kijijini, ukawaambia wazee kwamba utamsomesha ushonaji akishakusaidia na mtoto kidogo. Mtoto sasa yuko darasa la tatu. Cherehani iko wapi? Tena kama ulimchukua akiwa hajatimiza miaka 18, mahali pake palikuwa shuleni, si kwenye karai lako. Undugu haufuti deni. Kwa ndugu yako ungepaswa kuwa mwaminifu zaidi.

"Hawa wasichana wana tabia mbaya, wanaiba, wanatoroka bila kusema." Wako wa namna hiyo, sitadanganya. Kuna mama kanisani kwetu aliachiwa mtoto peke yake ndani ya nyumba, mlango umefungwa kwa nje. Ukiibiwa, kuna kituo cha polisi. Asipofaa, mlipe siku alizofanya na mwachane kwa amani. Lakini usimfanye huyu wa leo alipe deni la yule wa mwaka jana. Na hao wanaotoroka usiku, jiulize: mtu anayelipwa vizuri na kuheshimiwa anaruka ukuta kwa nini?

"Mchungaji, hata mimi sina." Hili ndilo jibu ninaloliheshimu, nami nitakaa nalo.

Najua mama anayelea watoto peke yake, analipwa elfu ishirini na tano, kodi ya nyumba ni elfu nane, na bila mtu wa kumwachia mtoto hawezi kwenda kazini. Mama kama huyo si Labani. Simhukumu. Lakini ukweli lazima niuseme. Sheria ya nchi yetu imeweka kima cha chini. Agizo la mishahara lililoanza kutumika Novemba 2024 liliweka kiwango cha mfanyakazi wa nyumbani katika Nairobi, Mombasa na Kisumu kuwa zaidi ya KSh 16,000 kwa mwezi, na miji midogo ina kiwango chake cha chini kuliko hicho. Wengi wetu tulioajiri hatujawahi hata kuuliza. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo yenye malipo ya siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka. Haisemi "isipokuwa dada wa kazi."

Sasa kama huwezi, tafuta njia ambayo utaiweza bila kumwonea mtu. Mpeleke mtoto kwa mama anayelea watoto mtaani na umlipe kila siku. Mwite mama fua mara mbili kwa wiki na umlipe kabla hajaondoka. Kina mama wawili au watatu wa ploti moja waungane wamwajiri mmoja na kumlipa vizuri. Asiyeweza gari hupanda matatu. Hachukui gari la mtu akasema atalipa Mungu akifungua mlango. Mbona kwa binadamu tunafanya hivyo?

Na mimi kama mchungaji nimejifunza kumwambia mama wa namna hiyo jambo ambalo zamani nisingelisema: dada yangu, kabla hujaniletea bahasha Jumapili, mlipe yule binti. Yesu mwenyewe ndiye aliyesema katika Mathayo 5:23 na 24 kwamba ukikumbuka madhabahuni kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako hapo, nenda mkapatane kwanza. Sadaka inaweza kungoja, na Mungu halali njaa. Yule binti ana mama aliyelazwa.

Lakini wengi ninaowaandikia hawamo katika kundi hilo. Wengi tunazo. Tumelipa karo ya shule ya kibinafsi, tumejaza mafuta, tumelipia televisheni, tumechanga kwenye chama, tumetoa mbegu kwa mhubiri mgeni, na kwa dada tumefika tukiwa tumechoka. Huyo si mtu asiye na pesa. Huyo ni mtu aliyempanga dada wa mwisho kwa sababu dada hana wakili, hana mume wa kuja kumtetea, hana mahali pa kulala akifukuzwa usiku. Tunamlipa wa mwisho kwa sababu tunajua hatatufanya kitu. Malaki 3:5 inamalizia hapo hapo: watu hao hawanichi mimi, asema Mungu. Kumbe shida si bajeti, ni kutomcha Mungu.

Tena sisi ni watu wa ajabu. Habari zikija za binti zetu walioteswa katika nyumba za watu Saudia na nchi nyingine za Ghuba, wamenyang'anywa pasipoti, wamenyimwa mshahara, wamefungiwa ndani, tunalia. Na tulie, maana ni uovu. Tumewaombea, tumechangia nauli za kuwarudisha. Halafu tunarudi nyumbani ambako kitambulisho cha dada kimefichwa kwenye kabati letu ili asiondoke. Mwarabu akifanya ni utumwa, sisi tukifanya tunasema ni kumlinda?

Na sasa Desemba. Ninajua hesabu inayofanywa katika nyumba nyingi wiki hii: "Nikimpa mshahara wote atakwenda Krismasi na hatarudi Januari. Nitampa nusu." Mpendwa, huo ni wizi. Umeuvalisha nguo ya busara, lakini ni wizi. Unamtuma binti kwa wazazi wake na nusu, nauli zimepanda, afike mikono mitupu mwezi ambao kila mtoto wa mtu anafika na kitu. Halafu tarehe 31 utavaa nyeupe uje kwenye kesha la kuvuka mwaka, upige magoti na kudai mara dufu. Utavukaje na mshahara wa mtu mfukoni?

Nirudi katika historia yetu kidogo, maana tumesahau tulikotoka. Uamsho wa Azusa Street kule Los Angeles mwaka 1906, ambao sisi Wapentekoste tunaujivunia, ulianzia katika nyumba ya kawaida mtaa wa Bonnie Brae. Aliyeongoza alikuwa William Seymour, mtoto wa watu waliokuwa watumwa. Waliokuwa wakiomba naye mwanzoni walikuwa watu weusi wa kazi za mikono, wakiwemo kina mama waliofua nguo za watu. Mama fua! Roho Mtakatifu aliposhuka hakuanzia sebuleni kwa mwenye nyumba. Alianzia kwa wale ambao leo wewe unawaambia wakae nyuma na mtoto.

Hata Naamani, jemadari wa Shamu, uponyaji wake ulitoka wapi? Soma 2 Wafalme 5. Ulitoka kwa kijakazi mdogo wa Kiisraeli aliyemhudumia mke wake. Jina lake halikuandikwa. Yeye ndiye aliyesema kuna nabii Samaria. Huenda muujiza wako umekaa jikoni mwako unaosha vyombo, nawe hujui hata jina lake la pili. Unamwita "mboch" mbele ya watoto, na watoto wameshajifunza.

Sasa nitasema tutakavyofanya kanisani kwetu, na ninalisema hadharani ili mnishike.

Kwanza, tumeanza na sisi. Mlinzi wa kanisa alikuwa akilipwa tukipata, na tusipopata tulimlipa "Mungu akubariki." Malimbikizo yake yote tumemaliza kumlipa Ijumaa iliyopita. Vyombo vipya vya muziki vitangoja.

Pili, nyumbani kwangu mimi na mke wangu tumeketi na binti anayetusaidia, tukaandika mkataba. Tuligundua kwamba kwa mwaka mzima Jumapili tuliyoiita siku yake ya mapumziko alikuwa akishika watoto wetu kanisani. Hiyo ilikuwa kazi katika jengo lingine. Kumbukumbu la Torati 5:14 inasema mtumishi wako na mjakazi wako wapumzike kama wewe. Kama wewe, si baada yako. Sasa ana siku yake, na Jumapili akija kanisani anakuja kuabudu, anaketi anapotaka.

Tatu, kila anayetaka kuleta sadaka ya shukrani mwezi huu nitamuuliza swali moja kabla sijashika bahasha: aliyekufanyia kazi amelipwa? Ukijibu hapana, sitakuaibisha. Nitakurudishia bahasha na kukuombea safari njema ya kwenda nyumbani kuilipa. Mweka hazina ameniambia mapato yatashuka. Nimemwambia na yashuke.

Zakayo aliposhuka mtini hakusema, "Bwana, nimeguswa." Alitaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Ndipo Yesu akasema wokovu umefika katika nyumba ile. Katika nyumba, wapendwa. Wengine wetu wokovu umefika kanisani, umefika kwenye simu, umefika hata kwenye kioo cha nyuma cha gari. Haujafika jikoni.

Kwa hiyo usiniandikie amina hapo chini. Weka simu chini. Nenda jikoni, mwite kwa jina lake, muulize mnadaiana kiasi gani, na umsikilize mpaka amalize. Unachoweza kulipa, kilipe leo kabla jua halijatua. Kinachobaki, mwandikie tarehe na uitimize. Na umwombe msamaha. Najua kulipa ni rahisi kuliko hilo, lakini lifanye.

Na wewe binti yangu unayesoma haya kwenye simu ya kukopa, usiku wote wamelala: Bwana wa majeshi amesikia. Mimi niliyewahi kukupa elfu moja na kukuombea safari njema, nakuomba unisamehe. Mlango wa ofisi uko wazi. Safari hii utaketi.

Tuombe. Baba, tusamehe kwa sadaka tulizokuletea zikiwa mali ya wengine. Tupe hofu yako katika nyumba zetu, siyo kanisani tu. Wale tuliowalisha machozi, wafute machozi, nasi utupe ujasiri wa kulipa. Katika jina la Yesu. Amina.

Mchungaji wenu.